Gitaa la umeme la bei nafuu lenye shingo isiyochosha mkono: nichague lipi?

Mama Rizimu, Nyegezi

Habari za jioni, ndugu zangu. Ninaomba ushauri kuhusu gitaa la umeme, na mniwie radhi kwa maelezo marefu, kwa kuwa fedha nimekwisha kuipoteza mara moja na sina uwezo wa kuipoteza tena.

Nilijifunza kupiga kwa gitaa la galatoni, lile lisilotumia umeme, la nyuzi za nailoni, alilotuachia marehemu baba, na sasa ni mwaka wa tano ninapiga rizimu katika kwaya yetu hapa Nyegezi, Mwanza. Mwaka jana niliagiza gitaa la umeme kwa simu, kutoka kwa muuzaji wa Dar es Salaam ambaye bidhaa zake nilikuwa nimeziona kwenye picha tu. Lilifika kwa basi likiwa zima na linang'aa, lakini nilipolishika nilijua papo hapo kwamba ile shingo na mimi hatutaelewana. Ni nene kama mpini wa jembe, na rangi iliyopakwa mgongoni mwake hunata kiganja kinapotoka jasho.

Kufikia wimbo wa tatu wa ibada, shina la kidole gumba huwa linauma. Kodi ya F (kodi ni sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja), ile ya kulaza kidole cha shahada juu ya nyuzi zote sita kwenye freti ya kwanza, yaani kile kichuma cha kwanza kilichokatisha shingo, siipati ikiwa safi hata nikibana kwa nguvu zangu zote. Uzi wa pili haulii kabisa. Mkono wangu ni mdogo: kutoka kwenye kifundo hadi ncha ya kidole cha kati ni sentimita 16.

Nimeweka akiba ya laki saba. Amplifaya ni ya kanisa, kwa hiyo fedha yote ni ya gitaa. Nimesikia watu wakitaja Squier, Epiphone, Ibanez na Yamaha Pacifica. Ni lipi kati ya hayo lenye shingo inayoufaa mkono kama wangu, na nitalitambuaje nikiwa dukani, kabla sijatoa fedha?

Fundi wa Kirumba

Dada, pole kwa maumivu. Kabla hatujataja jina la gitaa lolote, ninakuomba ulipime hilo ulilo nalo, kwa sababu wengi wanaoniletea magitaa wakiilalamikia shingo huwa wanazilalamikia nyuzi bila kujua. Nyuzi zikikaa mbali na ubao, ule uso wa shingo unaobania nyuzi, mkono hubana kwa nguvu, kidole gumba husukuma shingo kwa nyuma, na mpigaji huona kwamba shingo ni nene kuliko ilivyo.

Lifanye hili usiku wa leo. Tyuni gitaa kama kawaida, kisha chukua kadi za benki, zile zisizo na namba zilizochomoza. Unene wa kila kadi ni milimita 0.76. Zipenyeze kati ya uzi wa kwanza, ule mwembamba kuliko wote, na freti ya 12. Kadi mbili zikiingia na kuugusa uzi kidogo tu, urefu huo ni takriban milimita 1.5, nao ni mzuri kwa gitaa la umeme. Kadi tatu zikipita bila kugusa kitu, basi umekuwa ukifanya kazi kubwa isiyo ya lazima.

Baada ya hapo, chukua umbo lile lile la F ulipeleke kwenye freti ya tano, ambako litakuwa kodi ya A. Kama A inatoka kwa urahisi na F inakataa, kosa si la mkono wako wala si la unene wa shingo. Kosa liko kwenye kidaraja kidogo kilicho karibu na kichwa cha gitaa, ambacho mifereji yake haikuchongwa vya kutosha, na hivyo nyuzi zinaning'inia juu mno pale mwanzoni. Magitaa ya bei nafuu hutoka kiwandani hivyo mara kwa mara, kwa sababu kuchonga mifereji kwa uangalifu kunataka muda wa fundi, na muda ni gharama.

Mwisho, bana uzi wa sita kwenye freti ya kwanza kwa mkono mmoja, na pale shingo inapokutana na mwili kwa mkono mwingine. Uzi ulionyooka hivyo utakuwa rula yako. Tazama nafasi iliyo juu ya freti ya saba au ya nane: inatakiwa milimita 0.2 hadi 0.3 hivi. Ikizidi sana, shingo imepinda kwa kuvutwa na nyuzi, na ndani yake kuna chuma kinachoirudisha kwa kukazwa na spana ya pembe sita, robo mzunguko kwa wakati mmoja. Usilazimishe. Nimeona shingo nzuri zikiharibika kwa haraka ya dakika moja.

Niongeze jambo moja kwa wote wanaoishi huku kando ya ziwa. Mbao hunywa unyevu na kuutoa, na tofauti kati ya mvua za Aprili na kiangazi cha Julai inatosha kuisogeza shingo, kwa hiyo gitaa lililokuwa laini wakati wa masika linaweza kuanza kugongagonga freti wakati wa kipupwe. Hilo si gitaa bovu. Linahitaji kurekebishwa tu.

Mzee wa Solo, Musoma

Binti yangu, fundi amesema kweli, nami nitazungumzia ubao wenyewe, maana hata nyuzi zikishushwa, shingo isiyo ya kipimo chako itabaki hivyo hivyo.

Shingo hupimwa kwa urefu wa uzi, upana, unene na mviringo wa uso wa ubao. Urefu wa uzi, kutoka kidaraja cha juu hadi daraja la chini, ni takriban milimita 648 kwenye Stratocaster ya Fender na magitaa ya jamii yake, ambayo ni pamoja na Squier nyingi, Pacifica na Ibanez nyingi. Les Paul na SG za Epiphone zina takriban milimita 628. Mustang, ambayo Fender waliitoa mwaka 1964 na ambayo leo inapatikana kwa bei nafuu chini ya jina la Squier, ina milimita 610. Kwa mkono wa sentimita 16 tofauti hiyo si ndogo: kutoka kidaraja hadi freti ya nne, Stratocaster inakudai milimita 134 na Mustang milimita 126. Kidole chako kidogo kitazihisi hizo milimita nane katika kila wimbo.

Kuhusu unene, ninakutahadharisha. Vijana wengi hukimbilia shingo nyembamba kabisa wakidhani ndiyo rahisi, na Ibanez wamejijengea jina kwa shingo nyembamba na bapa. Kwa mpiga solo anayekimbia juu na chini ni jambo jema. Wewe unapiga rizimu, unashika kodi kwa saa nzima, na kiganja kinataka kitu cha kukijaza kidogo ili kidole gumba kisibaki kinabana hewa. Tafuta shingo yenye umbo la herufi C, ya wastani.

Huku Mara tumezaliwa katikati ya magitaa: D.O. Misiani, aliyeupeleka mbali muziki wa benga, alizaliwa Shirati mwaka 1940. Wazee waliotufundisha walituambia tulishike gitaa tukiwa tumesimama na mkanda umevaliwa, maana ndivyo tutakavyopiga. Lizingatie hilo dukani. SG ni nyepesi na shingo yake ni tamu, lakini kichwa chake huelekea kuinama ukiliachia, na mkono wa kushoto ndio unaolibeba. Utakaa kwenye kiti dukani usilione, kisha kanisani likuchoshe.

Mwalimu wa Muziki, Bukoba

Shikamoo, Mzee wa Solo. Ninakubaliana nawe kuhusu unene, lakini sikubaliani kwamba urefu wa uzi ndio wa kutanguliza, na ninaomba nieleze kwa hesabu.

Ukitumia uzi ule ule na kuutyuni kwa sauti ile ile, nguvu inayouvuta hupungua kwa kipeo cha pili cha urefu. Ukitoka milimita 648 kwenda 628, mvutano unapungua kwa asilimia 6 hivi. Ukienda 610, kwa asilimia 11. Sasa linganisha na unene wa nyuzi. Ukitoa seti inayoanza na 010 (huo ni unene wa uzi wa kwanza kwa sehemu za elfu za inchi) na kuweka inayoanza na 009, mvutano wa uzi wa kwanza unapungua kwa asilimia 19, kwenye gitaa lile lile, kwa gharama ya pakiti moja ya nyuzi. Dada huyu hajatuambia anatumia nyuzi gani, na ninashuku kwamba hajui, kwa kuwa muuzaji hakumwambia.

Zaidi ya hayo, Mustang ni ngumu kuipata huku kwetu, hasa ya kushikwa kabla ya kununuliwa. Pacifica 112 nimeifundishia kwa miaka kadhaa. Uzi wake ni mrefu, ndiyo, lakini shingo kwenye kidaraja ina upana wa milimita 41, wakati magitaa ya jamii ya Les Paul huwa na 43 hivi, na gitaa la nyuzi za nailoni kama la marehemu baba yake huwa na karibu 52. Mkono uliojifunzia kwenye milimita 52 utaiona Pacifica kama njia ya mkato. Uso wa ubao wake ni bapa kiasi, jambo linalosaidia unapovuta nyuzi katika solo. Kwa kodi za kulaza kidole, wengine hupendelea ubao wenye mviringo zaidi, kama wa Squier. Hili la mwisho ni la mkono wa mtu mwenyewe, na hakuna anayeweza kumwamulia.

Mama Rizimu, Nyegezi

Shikamooni wazee wangu, na ahsanteni sana. Nimepima. Kadi tatu zilipita bila kugusa uzi, na ya nne nusura ipite. Kodi ya A kwenye freti ya tano ilitoka safi mara ya kwanza, na nikairudia mara sita kwa furaha, kwa sababu kwa mwaka mzima nilikuwa nimeamini kwamba vidole vyangu ndivyo vyenye kasoro. Nyuzi sijawahi kuzibadilisha tangu gitaa lifike. Nafasi kwenye freti ya nane inaingiza ukucha.

Fundi wa Kirumba

Basi jibu umelipata mwenyewe, dada. Shingo imepinda, mifereji ya kidaraja iko juu, na nyuzi ni za kubadilishwa. Yote matatu ni kazi ya siku moja, na gharama yake ni sehemu ndogo tu ya hizo laki saba. Tengeneza kwanza, piga wiki mbili, ndipo uamue. Ule mgongo unaonata unasuguliwa taratibu kwa msasa laini sana mpaka mng'ao uondoke, na kiganja kitateleza.

Ukibaki na nia ya kununua, usiogope gitaa lililotumika. Lishike kama bunduki, utazame kutoka kwenye kichwa kuelekea mwilini. Kingo mbili za ubao zikipishana, shingo imejipinda kama kamba na hakuna spana itakayoirudisha, liache. Pitisha kidole pembeni mwa freti uone kama ncha zinakwaruza. Tazama freti tatu za mwanzo chini ya nyuzi nyembamba, kama zimechimbika. Shingo iliyofungwa kwa skrubu nne, kama za Squier na Pacifica, ni rahisi kuirekebisha kuliko iliyogundishwa. Kisha piga dakika 20 nzima, ukiwa umesimama, nyimbo zako za kwaya. Muuzaji asiyekuruhusu dakika 20 hastahili laki saba zako.

Mama Rizimu, Nyegezi

Ninarudi baada ya wiki tatu. Gitaa lilitengenezwa, likawekwa nyuzi za 009, na sasa kadi mbili ndizo zinazoingia. F inatoka. Ibada mbili nimepiga bila maumivu hadi wimbo wa saba hivi, ndipo unene unapoanza kunikumbusha, kwa hiyo Mzee wa Solo hakukosea.

Jumamosi nilikwenda mjini na mkanda wangu begani. Nilijaribu Ibanez nyembamba, na kidole gumba kilichoka haraka kama alivyosema mzee. Nikajaribu Pacifica iliyotumika, yenye michubuko mwilini na freti zisizochimbika, na nilipomaliza nyimbo tano nikatambua kwamba sikuwa nimeiwaza shingo hata kidogo. Bei ilikuwa laki sita na nusu. Imebaki elfu hamsini, nami nimeiweka kwa ajili ya fundi mwezi wa saba, kiangazi kitakapoisogeza shingo. Lile la zamani nimempa kijana wa kwaya mwenye mikono mikubwa, nalo linamkaa vizuri.

Mzee wa Solo, Musoma

Hongera, binti yangu. Kila ukimaliza kupiga, futa nyuzi kwa kitambaa kikavu, juu na chini ya kila uzi, maana jasho na unyevu wa huku ziwani huzila haraka. Na mkanda upandishe kidogo, gitaa likae usawa wa kifua, ili kifundo kisikunjike unaposhika F.