Pikipiki kuukuu zipigwe marufuku au zipimwe moshi?

Wadau tulijadili hili kwa kina. Mwenzetu kasema dawa ya moshi wa pikipiki ni moja tu, kila iliyofikisha miaka 10 itolewe barabarani. Mi napinga, tena kwa nguvu zote, maana umri hautoi moshi, moshi unatokana na injini isiyotunzwa na aina ya injini yenyewe.

Anza na tustroki, yaani injini ya mapigo mawili. Ile inachoma oili pamoja na petroli, na kibaya zaidi kuna petroli inapita mpaka ekzosi bila kuungua kabisa, kwa sababu tundu la kuingizia na la kutolea yanakuwa wazi wakati mmoja. Yaani umenunua mafuta halafu unawapulizia watu usoni. Hizo zikizuiwa sina neno, hata kama imetoka kiwandani jana. Taiwan walikaza viwango vya moshi mwaka 2004 mpaka tustroki mpya zikawa kama zimefungiwa mlango.

Ila fostroki (injini ya mapigo manne) ya miaka 12 ambayo kabureta, ile inayochanganya petroli na hewa, imesafishwa, filta ya hewa haijaziba, plagi nzima, tairi zina upepo, cheni haijalegea, hiyo inaweza kuwa safi kuliko ya miaka 3 ambayo mwenyewe anabadilisha oili siku akikumbuka. Filta ikiziba hewa inapungua, petroli inazidi, hapo hapo kaboni monoksidi, ile gesi ya sumu, inapanda na tenki linakauka haraka. Kwahiyo kupunguza moshi na kubana mafuta hapo ni kazi ile ile, na dereva mwenyewe anafaidika mfukoni, ndo maana sielewi kwanini tunaanza na kumnyang'anya chombo badala ya kumpimia.

Taiwan hao hao pikipiki ikishafika miaka 5 inapimwa kila mwaka, bure. Kuna udhaifu nakubali, kipimo kinachukuliwa pikipiki imesimama inaunguruma tu, fundi mjanja anacheza na skrubu ya kabureta asubuhi, inapita, jioni anairudisha. Basi wawepo na wapimaji wa kushtukiza barabarani.

Kwa zinazoingia sokoni sasa, mzigo abebe mtengenezaji. India ilianza viwango vyake vya moshi vinavyoitwa BS-VI tarehe 1 Aprili 2020 na viwanda vikalazimika kuacha kabureta karibu kote, vikaweka injekta inayopima petroli yenyewe, fundi hana skrubu ya kuchezea hapo.

Za umeme najua mtazitaja, nazipenda, ila betri ndo inabeba sehemu kubwa ya bei, na hata tukianza leo za petroli zitakuwa nasi miaka mingi bado.

Sasa anayetaka marufuku ya umri anijibu: anayelisha watoto kwa pikipiki ya miaka 11 iliyotunzwa ukimnyang'anya leo, kesho anaendesha nini? Na ile ya miaka 4 inayotoa moshi wa bluu, yaani inaunguza oili, unaiacha ipite kwa kigezo gani?