Fundi wa vifaa kwenye hadithi za kijasusi: yupi anaibeba hadithi vizuri zaidi?

Kalamu_Nzito:
Wakuu, salaam. Naandika hadithi ya kijasusi na nimekwama sura ya tatu. Jasusi ninaye, adui ninaye, lakini yule anayewaundia vifaa kila nikimwandika anatoka nakala ya mtu mwingine. Nimebaki na njia nne kichwani. Ya kwanza ni mzee wa karakana, kama Q wa Desmond Llewelyn kwenye filamu za James Bond: anakabidhi, anafoka, anabaki na makorokoro yake. Ya pili ni kijana wa kompyuta, Q wa Ben Whishaw aliyeanza 2012. Ya tatu, fundi anayetoka na wenzake kwenda kwenye hatari, kama Barney Collier wa Mission: Impossible ya televisheni, au Benji wa filamu zake. Ya nne, fundi asiwepo kabisa, jasusi ajiundie mwenyewe kwa anachookota, mtindo wa MacGyver wa televisheni. Mngechagua yupi? Naomba sababu, siyo ushabiki.

MzeeWaReli:
Wa kwanza, na sitanii. Llewelyn alianza 1963 akamalizia 1999, filamu 17. Nyingi kati ya hizo anaonekana dakika chache tu, lakini ukimuuliza mtu anakumbuka nini, anamtaja yeye. Siyo kwa ajili ya gari linalorusha kiti. Ni ule ugomvi. Bond anashikashika kila kitu kama mtoto aliyeingizwa dukani, mzee anamnyang'anya, anamtaka asikilize, anamkumbusha arudishe vitu vikiwa vizima, na wote tunajua harudishi. Mmoja anakesha kuunda, mwenzake anateketeza kwa sekunde mbili. Hapo tayari una hadithi, hata adui hajafika.

Halafu tazama Licence to Kill ya 1989. Bond kanyang'anywa leseni, ofisi imemtupa, na anayemfuata na sanduku la vifaa ni yule yule mzee mnung'unikaji. Kuna mahali kajifanya mfagizi, anaongea kwa redio iliyofichwa kwenye ufagio. Akimaliza anautupa tu, huyo anaondoka. Yeye, aliyewasumbua watu miaka yote kuhusu kurudisha vifaa! Kicheko kile kilichukua miaka 26 kukijenga.

Sisimizi:
Mzee umeongea, ila ndiyo hapo hapo penye tatizo. Mleta uzi hana miaka 26, ana kitabu kimoja.

Chongo:
Mimi nipo kwenye namba tatu. Fundi anayebaki ofisini hana cha kupoteza. Kifaa kikigoma, anayekufa ni mwingine. Barney (mwigizaji Greg Morris, kuanzia 1966) alikuwa anatambaa mwenyewe kwenye mabomba ya hewa na waya zake mdomoni, ukikosea kuunganisha unakamatwa wewe. Ule ukimya wake akiwa kazini ulinitoa jasho kuliko risasi.

Na Benji kwenye Ghost Protocol, filamu ya Mission: Impossible ya 2011. Mwenzake yuko nje ya lile jengo refu la Burj Khalifa, anapanda vioo kwa glavu zinazonata. Kaelezwa kwamba taa ya buluu maana yake inashika, nyekundu maana yake umekwisha. Halafu glavu moja inazima. Mashine ya kutengeneza sura bandia nayo inakufa siku hiyo hiyo, inabidi waingie na nyuso zao walizozaliwa nazo. Kwangu filamu ile inaanza pale vifaa vinapogoma.

MzeeWaReli:
Sawa Chongo, lakini glavu imegoma Benji akiwa ndani ya chumba cha hoteli. Aliyekuwa ananing'inia siyo yeye. Umeniletea mfano wa namba moja ukauvalisha shati la namba tatu.

Chongo:
Hahaha, hapo umenipata. Lakini yumo kwenye jengo lile lile na mlango ukivunjwa anakwenda na maji naye.

Sisimizi:
Mmesahau jambo moja, kifaa kikishaonyeshwa mapema ni deni. Msomaji anahesabu. Chukueni ile kalamu ya GoldenEye (filamu ya Bond ya 1995). Q anaeleza kwa ufupi: bofya mara tatu, bomu limetegwa, una sekunde nne. Bofya tatu nyingine, limezimwa. Basi, hakuna mhadhara. Baadaye kalamu inaangukia mikononi mwa Boris, mdukuzi ambaye tangu mwanzo tumeona hawezi kushika kalamu bila kuichezea. Anabishana, anabofya, anazungusha kidoleni, anabofya tena. Bond amekazia macho kidole gumba cha mtu. Moja, mbili, tatu... limetegwa, na aliyelitega hajui. Tatu nyingine, limezimwa. Ukumbi mzima mnahesabu pamoja na Bond.

Sasa jiulize ungeipataje hiyo kwa MacGyver. Yeye anaokota, anafunga, anakueleza palepale. Unashangaa, hukungoja. Ndiyo maana namba nne mimi naiondoa, japo nampenda yule jamaa.

Kuhusu kijana wa kompyuta: yuko vizuri pale anapokosea. Kwenye Skyfall, ile filamu ya Bond ya 2012, anakuja na bastola inayosoma kiganja cha Bond peke yake na redio ndogo, basi, na anayacheka mambo ya kalamu za kulipuka. Bastola inamwokoa Bond kweli, adui anafyatua inagoma. Lakini yeye huyo huyo mwerevu anachomeka kompyuta ya adui kwenye mtandao wa ofisi yake, milango inafunguka yenyewe na mfungwa anatoroka. Bila kosa lile angekuwa kijana anayebonyeza vitufe tu. Kubonyeza vitufe, jamani, hakuandikiki.

BintiFundi:
Nawasoma kimya tangu mwanzo. Mimi natengeneza redio na simu, naomba nichangie kama fundi. Mnazungumzia anachotoa mkononi. Mimi hunikera kwamba hadithi nyingi hazijui fundi *anafikirije*. Fundi wa kweli haanzi na mlipuko, anaanza na mtu atakayekikagua hicho kifaa.

Charles Fraser-Smith, Mwingereza wa Vita Kuu ya Pili, anatajwa sana kuwa mmoja wa waliochangia kuzaliwa kwa Q. Alikuwa kwenye idara ya nguo na vitambaa ya wizara, hicho ndicho kilikuwa kivuli cha kazi yake ya siri. Kati ya kazi zake ni vitu vya kawaida vyenye nafasi ya siri ndani, na kifuniko chake kilikuwa na uzi wa skrubu uliogeuzwa. Mlinzi Mjerumani akishuku, anazungusha upande tunaofungulia vifuniko wote, na anavyozungusha ndivyo kinavyozidi kukaza. Anaona ni kitu kizima, anakurudishia. Hakuna betri wala cheche. Mtu alikaa akafikiria mazoea ya mkono wa mwenzake.

Mwingine ni Léon Theremin, yule wa ala ya muziki inayopigwa bila kuguswa. Akiwa mfungwa wa Wasovieti aliunda kifaa cha kunasia mazungumzo kisicho na betri wala waya wa umeme, kinaamka pale tu kinapomulikwa mawimbi ya redio kutoka nje. Kilifichwa ndani ya ngao ya mbao yenye nembo ya Marekani, na mwaka 1945 watoto wakamkabidhi balozi wa Marekani mjini Moscow kama zawadi. Kilining'inia ukutani kwake hadi 1952. Muundaji mfungwa, anawaundia waliomfunga! Hiyo ni namba tano, Kalamu_Nzito, na hukuiweka.

Chongo:
Nimeinua mikono. Namba tano.

MzeeWaReli:
Hata mimi nimetikisika, ingawa mzee wangu simwachi. Hata huyo mzee chanzo chake ni mtu wa kweli aliyenung'unika. Geoffrey Boothroyd, mpenzi wa bunduki wa Glasgow, alimwandikia Ian Fleming, mwandishi wa vitabu vya Bond, mwaka 1956 kumlaumu kwamba kampa Bond bastola isiyofaa. Fleming hakununa. Akachukua lile jina akampa mtunza silaha kwenye kitabu cha 1958, na humo ndani Bond ananyang'anywa Beretta yake. Ugomvi ulikuwapo hata kabla ya karakana.

Kalamu_Nzito:
Wakuu, mmenivuruga vizuri. Nimefuta ukurasa mzima usiku huu. Fundi wangu sasa ni mama wa makamo, mkali, habaki ofisini moja kwa moja lakini pia harukiruki juu ya paa. Anamkabidhi jasusi kopo la unga wa kujipaka lenye uzi wa kinyume. Anamweleza mara moja. Jasusi yuko dirishani, anachezea kitu kingine, anaitikia "ndiyo mama, ndiyo mama".

Sisimizi:
Ehee. Na mlinzi anapolikagua?

Kalamu_Nzito:
Mlinzi anazungusha, linakaza, analirudisha. Salama kabisa.

BintiFundi:
Deni limelipwa mapema mno. Nini kinafuata?

Kalamu_Nzito:
Sura ya kumi na moja. Jasusi yuko peke yake gizani, anaihitaji ile dira iliyomo ndani, nyayo zinakaribia. Anashika kifuniko. Anazungusha upande ambao sote tunazungushia.