Mjadala: Jirani akizuia mchele wetu, na sisi tuzuie mbolea yake?

Gunia Kumi (mtoa mada), Kyela

Wakuu, heshima kwenu. Mada yangu si mpya lakini huku kwetu haijawahi kwisha: jirani akifunga mlango kwa mazao yetu, na sisi tufunge wetu? Aprili 2025 tulifanya hivyo, na hadi leo kwenye vijiwe vya Kyela, hapa mpakani na Malawi, watu wanabishana nani alishinda.

Kwa aliyesahau. Machi 2025 Malawi ilipiga marufuku kuingiza bidhaa kadhaa kutoka nje, na kwenye orodha kulikuwa na unga, mchele, tangawizi, ndizi na mahindi. Afrika Kusini nayo ilikuwa imezikataa ndizi zetu kwa miaka. Waziri wa Kilimo wa wakati huo, Hussein Bashe, akawapa muda hadi 23 Aprili. Muda ukapita, akatangaza kwamba hakuna zao la Malawi wala la Afrika Kusini litakaloingia nchini, na mbolea ya kwenda Malawi isitoke. Wiki haikuisha, zuio likaondolewa kupisha mazungumzo.

Siku ile nilishangilia, sifichi. Nilikuwa na magunia kumi ya mchele wa msimu uliopita, nimeyatunza tangu mavuno nikisubiri bei ya Machi na Aprili, kabla mpunga mpya haujaingia. Kila mkulima wa huku anajua hesabu hiyo: ukiuza wakati wa mavuno umempa dalali, ukivumilia miezi minane unasomesha mtoto. Nikavumilia. Malawi ilipofunga, dalali aliyekuwa ananipigia kila asubuhi akaacha hata kupokea simu. Nikabaki na magunia, panya na mkopo.

Kwa hiyo serikali ilipojibu nikaona nimetetewa. Baadaye nilipotulia nikajiuliza: matufaa ya Afrika Kusini yasipoingia Kariakoo, mchele wangu umepata mteja? Haujapata. Mbolea ikizuiwa, mteja wangu wa Karonga, upande wa Malawi, ambaye naye ni mkulima, atapata hela ya kununua mchele? Atakosa zaidi.

Sisemi tukae kimya. Nasema kisasi hiki kinaelekezwa kwa serikali ya jirani lakini kinampata mtu kama mimi, pande zote mbili za mto Songwe unaotutenganisha. Karibuni, nitoeni ujinga.

Mzalendo Kwanza

Mtoa mada, umeandika vizuri lakini umesahau jambo moja. Suala la ndizi lilikuwa la miaka. Barua zimekwenda, vikao vimekaliwa, kimya. Likatangazwa zuio, na ndani ya siku chache watu wakaanza kuongea. Sasa niambie, nini kiliwaamsha kama si zuio?

Ukicheka na nyani utavuna mabua. Sisi tumecheka sana.

Dereva Semi

Mimi naipiga hiyo njia, Dar hadi Kasumulu pale mpakani, miaka kumi na moja sasa. Ninyi mnaongelea mchele na ndizi, mimi naongelea mzigo unaopita. Malawi haina bahari. Mbolea inashuka bandarini Dar, inapandishwa kwenye semi, inalala Morogoro, inalala Makambako, inashuka Uyole hadi Tukuyu na Kyela. Kila inapolala kuna mtu anakula: kuli, fundi wa matairi, mama lishe, mlinzi wa maegesho. Ukisema mbolea isiende Malawi, umemzuia Mmalawi na umemzuia mama lishe wa Makambako.

Halafu Malawi ina njia nyingine. Ina Beira, ina Nacala, zote Msumbiji. Tajiri akishahamishia mzigo kule, akajuana na mawakala wa kule, humrudishi kwa tangazo la kuondoa zuio. Zuio linaondolewa kwa siku moja. Imani hairudi kwa siku moja.

Mzalendo Kwanza

Dereva, wewe unatetea mkate wako.

Dereva Semi

Ndiyo. Wewe unatetea wa nani?

Mngonde, Karonga

Salamu toka ng'ambo ya Songwe. Naomba niseme kama mtu wa upande unaoadhibiwa. Kwanza mjue sisi na Wanyakyusa wa Kyela ni watu wamoja. Lugha tunasikilizana, wakwe tunapeana, misiba tunavuka kwenda na kurudi. Mpaka umetukuta.

Kwa nini serikali yetu ilifunga? Sababu kubwa ni dola. Novemba 2023 kwacha ilishushwa thamani kwa 44%. Mwaka 2024 ukame ukatupiga hadi wilaya 23 kati ya 28 zikatangazwa kuwa katika hali ya janga. Foleni za mafuta mmezisikia. Nchi haina fedha za kigeni, na huku watu wananunua nje vitu ambavyo, kwa maneno ya wakubwa, tunaweza kulima wenyewe. Ndiyo wakaandika ile orodha. Haikuandikwa kwa kuichukia Kyela.

Lakini niwaambie ilivyokuwa sokoni. Mchele wa Kyela haukuacha kuja. Uliacha kupita barabarani. Ulikuja usiku kwa mtumbwi, kwa njia za panya, na kila aliyeusogeza aliongeza chake: mwenye mtumbwi, mbeba mzigo, na yule anayepaswa kumkamata mwenye mtumbwi. Kwa hiyo kaka Gunia Kumi uliuza kwa hasara, mimi nilinunua kwa bei ya juu, na serikali yangu haikupata hata kwacha moja ya ushuru.

Na ile mbolea... mngechelewesha mbolea hadi msimu wa mvua, mwakani tungekuja kwenu na bakuli. Mngefurahi nini hapo?

Gunia Kumi

Ndugu yangu Mngonde, asante. Hiyo ya mtumbwi naijua kuliko ninavyotaka kuandika hapa.

Mama Mbaazi, Nachingwea

Wanangu, mnaongea kama hili limeanza juzi. Sisi wa kusini tulishapigwa, tena na mtu wa mbali ambaye hatujawahi hata kumuona. Agosti 2017 India iliweka kikomo: mbaazi za kutoka nje zisizidi tani 200,000 kwa mwaka. Wakulima wao walikuwa wamevuna nyingi, bei imeanguka kwao, serikali yao ikawakinga. Haki yao. Ila sisi tulilima mbaazi kwa ajili ya mdomo mmoja tu, mdomo wa Mhindi. Bei iliyokuwa elfu mbili na zaidi kwa kilo ikaporomoka hadi shilingi mia na hamsini. Mia na hamsini haikutoshi hata kumlipa aliyekuvunia. Wako walioziacha zikaukia shambani, wako waliolisha mbuzi.

Hatukuwa na cha kuwazuia wale. Tungewazuia nini, pikipiki? Dawa za hospitali? Kwa hiyo msimu uliofuata nikang'oa, nikapanda ufuta. Mei 2021 wakafungua tena, bei ikaanza kupanda, na wale walioacha mbaazi wakawa wanatafuta mbegu kwa jirani.

Ninachotaka kusema: zuio lao halikuniua. Kilichoniua ni kwamba nilipanda Januari kwa kanuni moja nikavuna Agosti kwa kanuni nyingine. Wangenieleza kabla sijapanda ningepanda kingine, na nisingemlaumu mtu.

Mteja wa Unga, Nairobi

Habari zenu ndugu. Nikiwa Mkenya nimesoma kimya kimya nikingoja mtufikie. Naona mnatuhurumia, kwa hiyo najitaja mwenyewe.

Machi 2021 mamlaka yetu ya kilimo iliandika barua kuzuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa nafaka. Malori yakakwama Namanga. Siku chache baadaye zuio likalegezwa kwa masharti: mwagizaji asajiliwe, mzigo uje na cheti kwamba sumu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Huko kwenu watu walisema ni vita vya biashara. Mimi nakataa nusu. Mwaka 2004 mahindi yenye sumukuvu yaliua watu 125 huku kwetu, wengi wao wa upande wa Makueni na Kitui. Na kwenu pia, 2016, Dodoma na Manyara watu walikufa. Sumu ni sumu, hata ikitoka kwa rafiki.

Nusu ninayoikubali ni hii: barua ilikuja leo, lori limeshapakiwa jana. Kama nia ilikuwa afya tu, mbona masharti hayakutangulia?

Na kwa vile tunakumbushana, mwisho wa Oktoba 2017 mlichoma vifaranga wetu 6,400 pale Namanga. Wakiwa hai. Sijasahau.

Mzalendo Kwanza

Vile vifaranga viliingia bila kibali, kulikuwa na hofu ya mafua ya ndege.

Mteja wa Unga, Nairobi

Unaona sasa? Yakiwa mahindi yenu ni vita, vikiwa vifaranga vyetu ni afya.

Gunia Kumi

Hapo Mzalendo umepigwa. Tuendelee.

Karani wa Ushuru

Nitaingia kwa upande wa kanuni, kwa sababu mnajadili kama vile kila nchi ni kisiwa. Tanzania, Malawi na Afrika Kusini zote ni wanachama wa SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika. Nchi inaruhusiwa kukataa mmea kwa hofu ya wadudu au magonjwa, lakini inapaswa kuonyesha tathmini ya kitaalamu: mdudu gani, yuko wapi, anazuiwaje. Kwa hiyo swali la ndizi lingekuwa: karatasi iko wapi? Kama ipo, wataalamu wetu wa afya ya mimea waijibu hoja kwa hoja. Kama haipo, hapo ndipo pa kubana. Ndizi na matufaa kuwekwa kwenye mizani moja ni siasa. Inaweza kufanya kazi, sikatai, ila ni siasa.

Suala la Malawi ni tofauti kabisa. Wao hawakudai mdudu, walidai uchumi. Na hapa naomba mtoa mada anijibu kwa ukweli. Mchele unaoingia Afrika Mashariki kutoka nje, tuseme Pakistan, hutozwa ushuru wa 75% au dola 345 kwa tani, kile kilicho kikubwa. Kenya ina nafuu, yenyewe hutoza 35%, na ndiyo maana mkulima wa mpunga wa Mwea, huko Kenya, analalamika. Ukuta huu wa 75% umejengwa kwa ajili yako wewe wa Kyela. Mama wa Mbagala ananunua mchele kwa bei ya juu ili wewe usishindane na Mpakistani. Je, uko tayari uondolewe?

Gunia Kumi

Karani, umenishika pabaya.

Hapana, sitaki uondolewe. Ukiondolewa leo, kesho nimehamia kuendesha bodaboda. Kwa hiyo nakiri mbele ya wote: ninachokitaka mimi ni mlango wangu ufungwe na wa Malawi uwe wazi. Ukiniuliza haki yake iko wapi sina jibu zuri. Nina jibu baya tu, kwamba ushuru wa 75% ninaujua. Umeandikwa, dalali anaujua, Mpakistani anaujua, hauji usiku. Malawi wangeweka hata 20% wakaitangaza mwaka mmoja kabla, ningelalamika, ningekata hesabu, ningelima kiasi. Hapo naungana na Mama Mbaazi.

Mzalendo Kwanza

Mnazunguka sana. Wakubwa wote wanapigana hivi hivi. Marekani na China 2018 walipigana, China ikaipiga soya ya Marekani ushuru wa 25%. Mbona Marekani haikulia?

Karani wa Ushuru

Ililia, mkuu, na ikalipa. Serikali yao ilitangaza dola bilioni 12 mwaka 2018 na nyingine bilioni 16 mwaka 2019 kuwafidia wakulima. China ikaenda kununua soya Brazil, na Mbrazili akapanua mashamba. Mkulima wa Iowa alipigwa kwa mkono mmoja wa serikali, akalipwa kwa mkono wa pili. Sasa wewe uliyeshangilia Aprili, nitajie fungu la bajeti la kumfidia Gunia Kumi.

Mzalendo Kwanza

Tusianze kuombaomba.

Dereva Semi

Kumbe vita tunavitaka, gharama za vita hatuzitaki.

Mngonde, Karonga

Mimi nina ombi moja tu kwa wakubwa wa pande zote, kama kuna anayesoma hapa. Mkitaka kufunga, fungeni kwa mzigo ambao haujapakiwa. Ulioko njiani upite. Lori la tangawizi likikaa siku tano kwenye jua la Kasumulu, nchi iliyoshinda mabishano inapata nini? Inapata harufu.

Mama Mbaazi, Nachingwea

Na wakulima waitwe kwenye hayo mazungumzo. Picha za vikao nimeziona, suti nyingi, jembe hakuna.

Gunia Kumi

Wakuu, naona kumekucha. Niwape ya mwisho kisha niende shamba, ndege wamevamia mpunga.

Magunia yangu kumi: manne niliuza Mbeya mjini kwa bei ya kutupa, na mawili tumekula wenyewe. Yaliyobaki manne, yule dalali wangu aliyepotea amenipigia jana jioni, sauti tamu kama vile hakuna kilichotokea. Anasema anayo njia. Sikumuuliza njia gani. Nimemwambia alete shilingi, kwacha simtaki nayo.

Mngonde, kama utakula ule mchele, andika hapa umeununua bei gani. Nataka kujua waliokaa katikati yetu wamekula kiasi gani.