Sukuma zilizopigwa mabaki ya dawa ya magugu ndizo zimenona, naweza kuuza?

mkulima_ruai:
Wadau habari za jioni. Niko na kashamba kadogo huku Ruai, sukuma mistari saba. Wiki tatu zilizopita nilipiga dawa ya magugu kando ya ua, ile ya glaifoseti, kesho yake kijana wa kazi akachukua pampu hiyo hiyo bila kuisuuza akaweka maji na mbolea ya majani akapiga mstari wa mwisho wote kabla nimuone nipige kelele. Nikajua hizo zimeenda. Cha ajabu mstari huo ndio umenona kuliko yote, majani mapana hadi mama mboga ameanza kuuliza bei. Kwani sumu ikiwa kidogo inageuka chakula?

mwalimu_wa_bayo:
Kaka hiyo kitu ipo na ina jina, homesisi. Mwaka wa 1888 Mjerumani Hugo Schulz aliweka sumu kidogo sana kwa hamira, badala ya kufa ikachachuka zaidi. Jina lenyewe lilikuja 1943 kule Marekani, watu walikuwa wanajaribu maji ya mti fulani kwa kuvu, yakiwa mazito kuvu inakufa, yakiwa mepesi inanawiri. Hata glaifoseti imejaribiwa, mahindi na soya zilikua zaidi kwa dozi ndogo mno halafu ukiongeza tu zinaanza kudumaa. Mmea ukichokozwa unajitengeneza na mara nyingi unapitiliza, kama mtu ameibiwa mara moja anaweka kufuli tatu kwa mlango mmoja. Lakini wewe umeangalia upana wa jani pekee. Mizizi hujaangalia, na kilichobaki ndani ya jani hujui.

mama_wawili_umoja:
Mwalimu pole pole, kuna mtu atasoma hapo juu aamue sumu kidogo ni dawa. Madini ya risasi je, yale ya betri? WHO wanasema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama, mwili wa mtoto unaichukua kama kalisiamu inaenda kukaa kwa mifupa miaka na miaka, na hata ile kidogo inapunguza akili darasani bila mtoto kuonekana mgonjwa. Mnakumbuka mtaa wa Owino Uhuru kule Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kiliwasambazia watu risasi, hadi 2020 korti ikaamua wakaazi walipwe bilioni 1.3. Hakuna mtu pale alinona.

kijana_kayole:
Lakini mama si hata zinki ni sumu ikizidi na tunaambiwa tuile

mwalimu_wa_bayo:
@kijana_kayole zinki ina kazi mwilini, ikikosekana unaumwa na ikizidi unaumwa. Risasi haina kazi yoyote mle ndani. Mama yuko sawa, hakuna kanuni moja ya sumu zote. Na kuna zile za pole pole, kama sumukuvu kwa mahindi. 2004 Ukambani watu 125 walikufa sababu walikula nyingi kwa mpigo, hiyo kila mtu aliona. Ile ya kidogo kidogo kila siku kwa ugali haikulazi leo, inakula ini miaka mingi, na ukiwa na hepataitisi B ndio mbaya kabisa.

fundi_wa_pampu:
Niko agroveti mwaka wa tisa na nimesoma hii stori mara mbili. Boss, hiyo mistari sita mingine ilipata mbolea ya majani?

mkulima_ruai:
Aaah. Hapana. Nilimwambia aache pale pale na sijapiga tena hadi leo

fundi_wa_pampu:
Basi homesisi ipumzike kwanza hahaha. Umelinganisha mtoto aliyekunywa uji na sita walioshinda njaa. Inawezekana dawa ilisaidia, inawezekana ilirudisha nyuma na mbolea ikafunika, kwa shamba lako hatuwezi kujua. Kuuza usiuze. Siku za kungoja kabla ya kuvuna zimeandikwa kwa karatasi ya dawa kulingana na mmea, na hiyo dawa si ya kupigwa juu ya sukuma kwa hivyo huna siku za kuhesabu. Kuosha majani pia haisaidii, iko ndani, inatembea na mmea mzima. Ng'oa, usipee ng'ombe. Na pampu isuuze mara tatu, ukiweza nunua ya pili ya dawa ya magugu peke yake, uiandike kwa rangi nyekundu.

mkulima_ruai:
Sawa nimeng'oa leo asubuhi. Mama mboga amenuna. Kuku wa jirani walikuwa wamenitangulia ule upande wa ua, sijui nimwambie ama ninyamaze

mama_wawili_umoja:
Mwambie!! Hayo mayai si unanunua wewe?

mkulima_ruai:
Trei mbili kila wiki