Ushauri jamani: albamu ya Let's Dance imenigombanisha na mzee aliyenifundisha Bowie

MwanaTudor:
Hamjambo nyote. Naomba mnisome mpaka mwisho, maana jambo hili limeninyima raha wiki nzima.

Tuko watu sita hapa Mombasa tunaopenda roki ya zamani. Kila Jumamosi ya pili ya mwezi hukutana barazani kwa mwenzetu mmoja, mtaa wa Tudor, tukasikiliza albamu moja mwanzo hadi mwisho bila kuruka wimbo. Kahawa tungu, kashata, simu mfukoni. Mkubwa wetu ni mwalimu mstaafu, ndiye mwenye santuri. Nilipokuwa na miaka 19 aliniwekea Low, albamu ya David Bowie, mwimbaji wa roki wa Uingereza, akanikataza kusema neno mpaka upande wa pili uishe. Tangu siku ile nasikiliza muziki kwa masikio mengine.

Tarehe 10 Januari 2026 itatimia miaka 10 tangu Bowie afariki, na zamu ya kuchagua ni yangu. Nikachagua Let's Dance yake, ya mwaka 1983. Mzee akaweka kikombe chini. Akasema, "Mtu afa, nawe wamkumbuka kwa bidhaa?" Akavaa viatu, akaenda zake. Simu zangu hapokei.

Najua ndiyo albamu ya Bowie iliyouzwa kuliko zote, inatajwa kupita nakala milioni 10. Sikuichagua kwa hilo. Marehemu kaka yangu alikuwa baharia, na safari moja aliniletea kanda ya albamu hiyo, nami bado mtoto. Nilikuwa nikiirudisha nyuma kwa kalamu ya Bic ili betri zisiishe. Pale wimbo wenye jina la albamu unapoanza, sauti zapanda moja juu ya nyingine, aaa, aaa, aaa, kaka alikuwa akiinua mkono pamoja nazo, polepole, kama anayepandisha bendera. Ngoma zikiingia, anaushusha.

Niibadilishe niweke albamu yake nyingine, "Heroes", yaishe, au nishikilie?

Gitaa_la_Nyali:
Shikilia. Mimi napiga gitaa mahotelini mwaka wa 14 huu, na inaniuma watu wakisema "pop", yaani muziki wa kupendwa na wengi, kana kwamba ni kitu cha kuokota njiani. Nile Rodgers wa Chic, bendi ya disko ya New York, aliyeitayarisha albamu hiyo, amesimulia kwamba Bowie alimchezea wimbo wa Let's Dance mara ya kwanza kule Uswisi kwa gitaa la nyuzi 12, nao ukasikika kama wimbo wa kijijini wa kuimba mkiwa mmekaa. Rodgers akauvunja, akaujenga upya. Sikiliza nafasi alizoziacha wazi kati ya pigo na pigo. Kunyamaza mahali pake ni kazi ngumu kuliko kujaza, muulize mpiga gitaa yeyote.

Halafu lile gitaa la bluzi linalolia mwishoni ni la Stevie Ray Vaughan, kijana wa Texas ambaye Bowie alimwona kwenye tamasha la Montreux, Uswisi, mwaka 1982, kabla hajatoa hata albamu moja. Gitaa la Texas juu ya mdundo wa disko la New York! Aliyewaza hilo hakuwa anatafuta njia ya mkato.

Na sisi hapa Pwani tuna ugonjwa huo huo. Jambo Bwana ya Them Mushrooms, wapo wanaoidharau kwa kuwa watalii waliipenda. Mimi nimeipiga usiku baada ya usiku, na bado naiheshimu.

Mfuasi_wa_Low:
Mimi niko na mzee. Tazama kilichotangulia: Low na "Heroes" mwaka 1977, Lodger 1979, Scary Monsters 1980. Kisha tazama kilichofuata: Tonight 1984, Never Let Me Down 1987. Bowie mwenyewe baadaye alieleza kwamba mafanikio yale yalimfunga, akajikuta anawaimbia watu asiowajua. Tony Visconti, aliyetayarisha naye albamu zile nne za kabla, alikuwa amejiweka tayari kwa albamu hii, akaja kusikia yuko mtu mwingine studioni.

Na katika nyimbo 8, Criminal World ni ya bendi ya Metro, Cat People alikuwa keshaitoa mwaka mmoja nyuma, China Girl ishatoka 1977 kwa Iggy Pop, mwimbaji rafiki yake. Mpya ni 5 tu. Siku kama hiyo mwekeeni Blackstar, albamu yake ya mwisho. Aliitoa tarehe 8, akafariki tarehe 10.

FundiRedio_Majengo:
China Girl aliitunga pamoja na Iggy mwenyewe, kwa hiyo si ya kuazima. Na pesa za wimbo ule zilimfaa sana Iggy, alikuwa na hali ngumu. Kwangu mimi hilo ni jema.

Kuhusu kubadilika, mbona Young Americans ya 1975 ilikuwa soul tupu, muziki wa Wamarekani weusi? Huyu alikuwa akihamahama tangu zamani. Kosa ni kwamba baada ya 1983 alikaa hapo hapo kwa muda.

Mfuasi_wa_Low:
Hapo nakubaliana nawe. Albamu yenyewe ningeisamehe, ila si Tonight.

Bi_Kibokoni:
Mwanangu, mimi Bowie nilianza kumfuatilia kwa ajili ya mkewe Iman, binti wa Kisomali aliyesoma Nairobi. Lakini ugomvi huu naujua tangu udogoni. Juma Bhalo alipokuwa akiimba kwa mahadhi ya filamu za Kihindi, walikuwako waliosema taarabu ni ya udi, ya kina Zein l'Abdin, hii nyingine ni ya sinema. Na huku mashairi mengi aliyoyaimba ni ya Ahmad Nassir, Malenga wa Mvita! Babangu hakutaka Bhalo asikike nyumbani. Mamangu akimsikiliza jikoni, sauti chini. Baba alipofariki tukafungua kasha lake, tukakuta kanda tatu za Bhalo chini ya kanzu.

Sasa nikwambie. Mkubwa hafuatwi kwa simu. Nenda kwake baada ya alasiri, usende mikono mitupu, wala usiitaje albamu mpaka akuulize. Na kitu kimoja sikukiona katika maelezo yako: huyo mzee ajua kwamba kanda ni ya marehemu kaka yako?

MwanaTudor:
Bi Kibokoni, hajui. Sikuwahi kumwambia. Ahsante. Nakwenda kesho.

MwanaTudor:
Nimerudi. Nilikwenda na halua ratili moja. Alinikaribisha vizuri, akaulizia nyumbani, tukanywa chai, na ni yeye aliyeanza. Nikamtolea kanda nikamweleza. Akaigeuzageuza, akatia kidole tunduni akakaza utepe uliolegea, akasema tuanze upande wa pili. Ilipofika Ricochet, na yale mapigo yake ya kukatikakatika, akaniashiria nirudishe. Mara mbili.

Ndipo akanieleza. Mwaka 1983 alikuwa mwalimu mpya, na wenzake walikuwa wamemcheka miaka mingi kwa kumsikiliza Bowie. Mara wimbo ukawa kila disko, na wale wale wakawa wanamfundisha yeye Bowie ni nani. "Nilihisi nimenyang'anywa," akasema. Santuri yake ya Let's Dance akaiuza mwaka ule ule. Kumbe aliwahi kuinunua! Hadi leo haipendi, hakunificha, na wimbo wa kwanza, Modern Love, hataki hata kuusikia. Lakini aliniuliza jina la kaka, akamwombea dua.

Tarehe 10 atakuja. Sharti lake ni tuanze na upande wa pili wa Low, kisha kanda ya kaka, hiyo hiyo, si ya simu. Shida ni kwamba kwenye Cat People sauti yayumba. FundiRedio, ule mkanda wa mpira wa deki ya kanda naweza kuupata Mwembe Tayari?

FundiRedio_Majengo:
Usinunue. Niletee deki na kanda kesho asubuhi, nitaanza na yako. Na usiicheze tena mpaka niione.