Tupeane uzoefu: unachaguaje vitabu vipya vya watoto na vya wazazi hapa Dodoma?

Mwanzisha mada, Kisasa
Wakuu, habari za jioni. Januari ikikaribia, vitabu vya mtoto hununuliwa mbiombio pamoja na sare na madaftari, na cha mzazi hakikumbukwi kabisa. Naomba tuweke hapa namna ya kuchagua: unaangalia nini kwanza, unapima vipi, kitabu kinaharibikia wapi. Ufundi mtupu, ili mtu akisoma leo, kesho aende nao dukani.

Mwalimu wa KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu), Bahi
Kwa mtoto anayeanza kusoma, usianze na picha. Fungua katikati, soma sentensi tatu kwa sauti. Mtoto hupita kwanza kwenye irabu, halafu silabi nyepesi kama ba, ka, ma, ndipo afike kwenye mb, nd, ny, na mwisho maneno kama mchwa na ng'ombe. Kitabu kilichoandikwa "kwa wanaoanza" halafu ukurasa wa kwanza kina "kung'ang'ania", hicho ni cha kusomewa. Kinunue kama utamsomea wewe. Ukimkabidhi peke yake atakariri kwa kuangalia picha, nawe utadhani anajua kusoma.

Kama mtoto yupo, tumia vidole vitano: asome ukurasa mmoja, akunje kidole kwa kila neno linalomshinda. Vikiisha vyote, kitabu ni kigumu; viwili au vitatu, kinamfaa. Ila kwenye vitabu vya mistari miwili kwa ukurasa kipimo hiki kinadanganya, maana ukurasa mzima una maneno kumi tu. Hapo hesabu maneno mia moja mfululizo, hata zikifika kurasa nane. Akikosea zaidi ya kumi, rudisha.

Na tusisahau kwamba vijijini huku watoto wengi wanaingia darasani na Kigogo, na kule Kondoa na Kirangi. Kwao picha lazima iseme kilekile kinachosemwa na sentensi. Kama maneno ni "Mama anatwanga mtama", tuone kinu, mchi na mtama. Picha ya mama aliyesimama tu anatabasamu haimsaidii mtoto kulifikia neno "anatwanga".

Mkutubi, mjini kati
Mwalimu umenena. Naongezea lugha. Vitabu vingi vimetafsiriwa, na tafsiri mbovu huonekana upesi kwenye upatanisho: "kitabu yake", "viti hizi". Ukikuta makosa mawili ya namna hiyo ndani ya kurasa tano, acha, kwa sababu mtoto hatajua kwamba ni kosa, ataliiga. Angalia pia kama "ng'" imechapwa na alama yake, la sivyo mtoto atasoma "ngombe" kwa sauti ya "ngoma".

Halafu geuza ukurasa wa hakimiliki. ISBN, yaani namba ya utambulisho wa kitabu, inayoanza na 978-9976 au 978-9987 ni ya Tanzania, lakini haisemi lolote kuhusu ubora. Kwa vitabu vya kiada mwaka wa toleo ndio wa kuangaliwa sana: mtaala mpya ulianza kutumika hatua kwa hatua 2024, na matoleo ya kabla ya hapo bado yapo mezani kwa bei ya chini. Hadithi ya zamani inunue bila wasiwasi. Kiada cha zamani kitamtoa mtoto nje ya masomo ya wenzake.

Fundi jalada, Majengo
Mimi nasemea mwili wa kitabu. Kilichobandikwa gundi kifungue wazi katikati ukisikilize. Kikitoa mlio wa kukatika, gundi imeshakauka, na kwa joto kavu la Dodoma kurasa zitachomoka moja moja. Kilichoshonwa ndicho imara. Tazama mgongo kwa juu utaona mafungu ya kurasa. Cha pini kinafaa kikiwa chembamba, mradi pini zipite kwenye mkunjo wenyewe.

Inua ukurasa juani. Maandishi ya upande wa pili yakionekana, mtoto atasoma mistari miwili iliyopandana. Fuata namba za kurasa hadi mwisho, maana nakala zilizodurufiwa hupungukiwa kurasa, na rangi zake huhama nje ya mistari ya picha.

Ukivalisha nailoni, acha sentimita 5 za kukunjia ndani kila upande. Selotepu ishike nailoni kwa nailoni tu. Ikigusa karatasi inageuka njano, na siku ya kuibandua inachana. Rafu isiguse ukuta, kwa ajili ya mchwa. Vumbi la kiangazi lifutwe kwa kitambaa kikavu.

Mratibu wa kikundi cha akina mama, Nkuhungu
Kwa wazazi, jamani, tusichague kwa unene. Sura za kurasa nne hadi sita, herufi zinazosomeka usiku kwa taa ya sola. Kitabu cha malezi kiseme umri: ushauri wa mtoto wa miaka miwili haumfai wa miaka tisa. Kinachotaja vipimo vya dawa bila kumpeleka msomaji kituo cha afya, kiacheni. Kwa kikundi, nunueni nakala tano za kitabu kimoja kuliko vitabu vitano tofauti. Mazungumzo hayaendi kama kila mmoja amesoma chake. Na mzazi asiyejua kusoma apewe kitabu cha picha bila maneno, amsimulie mtoto kwa Kigogo. Huko nako ni kusoma pamoja.

Mwanzisha mada, Kisasa
Asanteni sana. Na kama fedha ni kidogo?

Mkutubi, mjini kati
Tovuti za African Storybook na StoryWeaver zina hadithi za Kiswahili za bure, zenye leseni huria, yaani ruhusa ya kuzichapa na kuzigawa. Zisome zote kabla ya kuchapa, kwa kipimo kilekile cha upatanisho. Chagua mpangilio wa kijitabu: karatasi nne za A4, pande zote mbili, zikikunjwa zinatoa kurasa 16. Jalada liwe la manila, na stapla iwe ya shingo ndefu, kwani ya kawaida haifiki kwenye mkunjo. Ukurasa wenye majina ya mwandishi na mchoraji usiutoe. Leseni inataka ubaki.