Simu inasema hakuna laini na laini iko ndani

mama_omena: Habari zenu wadau. Simu yangu tangu ninyeshewe nayo hapa Kisumu inaniambia hakuna laini na laini iko ndani kabisa, nikifinya mgongo wa simu netiwaki inarudi kidogo halafu inapotea tena. Mimi nauza omena Kibuye na wateja hulipa na M-Pesa, sasa nimebaki kuomba simu ya jirani. Fundi amesema ni softiwea, eti lazima aiflashi, yaani aweke softiwea upya. Nimpe?

jamaa_wa_kondele: Usimpe bado mama. Toa hiyo laini uweke kwa simu ya mtu mwingine, ikisoma huko laini ni nzima, isiposoma popote hiyo imekufa, enda duka la mtandao wako na kitambulisho wakupe nyingine, namba ni ile ile na pesa yako ya M-Pesa iko salama, haikai kwa kadi. Kisha azima laini ya mtu ujaribu kwa yako.

otis254: Mimi huzima simu nasugua ile sehemu ya dhahabu na raba ya penseli na inashika. Ama ilikatwa na makasi? Kadi za zamani ni nene kuliko nano, zile ndogo za sasa, zinafinya pini.

fundi_nakuru: Raba sawa kwa kadi, polepole, lakini otis usimwambie mtu aingize kitu ndani ya sloti, pale laini hukaa. Na mama jibu ameshalisema mwenyewe, akifinya inarudi. Softiwea itajuaje umefinya mgongo? Hizo ni pini za sloti, ama zimelala ama maji yalikauka yakaacha kutu, zinataka kufunguliwa zioshwe na ile spiriti ya mafundi, zikikataa sloti inabadilishwa. Kuflashi mara nyingi kunafuta picha na meseji zote na pini zinabaki vile vile. Piga *#06# uone IMEI, namba ya utambulisho wa simu, ina tarakimu 15, simu ya laini mbili inaleta mbili. Ikikosekana ama ilete sufuri tupu, hapo ndio tutaongea maneno ya softiwea ama bodi.

mama_omena: Asanteni sana. IMEI zimekuja zote mbili na laini imesoma kwa simu ya kijana wangu. Nimeihamisha sloti ya pili, ilibidi nitoe memori kadi kwanza juu hukaa hapo hapo, imeshika na M-Pesa zinaingia. Lakini nataka memori yangu, iko na picha za harusi. Nimwambie nini fundi asinipige bei?

fundi_nakuru: Mwambie sloti ya kwanza, pini, usiseme "haishiki netiwaki" juu atakuja tena na hiyo flashi yake. Bei inategemea modeli, kuna simu sloti imechomewa kwa bodi kubwa na hiyo ni kazi ya moto, zingine iko kwa kabodi kadogo ka chaji kanabadilishwa chapchap. Aifungue ukiwa hapo. Na laini ya M-Pesa toa uende nayo kwa mfuko.